Mnyama wa Kupewa

Siku niliyorudi kutoka mazishini Kajiado niliingia moja kwa moja jikoni kwangu, hapa kwenye ghorofa ya tatu Kitengela, nikafungua dirisha hadi mwisho. Ilikuwa alasiri ya upepo. Vumbi likaingia, likatua juu ya sahani nilizokuwa nimeziosha kabla sijaondoka, nami nikasimama nikaliangalia. Wanangu wangeniona wangedhani nimerukwa na akili, maana wamelelewa na mama anayeweka matambara yenye maji chini ya mlango na kuwafokea wageni wasiopangusa viatu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa na kesi na vumbi la mji huu. Nililishtaki kwa kumwondoa rafiki yangu chumbani mwetu, na kila nilipofagia nilifagia kwa hasira. Sasa nimeambiwa kwamba muda huo wote nilikuwa nikimshtaki asiyehusika, na hasira yangu sijui niipeleke wapi.

Rafiki huyo sitamwita jina lake la kuzaliwa. Mama yake ni mwanakwaya wa kanisa tangu sijamjua, lakini katika jambo hilo amebaki mtu wa kale: aliyekufa jina lake huachwa lipumzike, asiitwe kila saa. Nitamwita kwa jina tulilokuwa tukiitana sisi wawili, na nikimaliza sura hii nalo naliacha. Wamaasai wana desturi moja ninayoipenda kuliko zote walizo nazo. Mtu akikupa mnyama kwa moyo mmoja, hamwitani tena majina yenu. Mnaitana kwa mnyama huyo. Akikupa kondoo, yeye ni Pakerr kwako na wewe ni Pakerr kwake, hata kondoo mwenyewe akishaliwa na kusahauliwa. Wa mbuzi huitana Pakine. Nimewasikia wazee wenye mvi wakiitana hivyo kutoka ng'ambo ya soko, nikajua kwamba zamani kuna mnyama alitoka boma la huyu akaingia boma la yule. Mimi na rafiki yangu tulikuwa Papanya. Usicheke bado.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi, ule ambao stima ilikatwa kwa zamu na ng'ombe wakaswagwa hadi katikati ya Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya upili juzi tu, nimepata kazi ya cherehani katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River; yeye alikuwa akisoma chuo mjini, kazi ya maabara. Tulijuana kwenye foleni ya bomba la ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga, tukaona ujinga kila mmoja kulipia chumba chake peke yake. Chumba chetu kilikuwa cha mawe yasiyopigwa plasta, paa la mabati, na dirisha moja dogo lililotazama nyika. Kitengela ya siku hizo ilikuwa nyika karibu yote. Ukisimama juu ya ndoo uliwaona punda milia. Kitanda kilikuwa kimoja, cha wawili. Stovu ilikaa juu ya kigoda, na shuka kuukuu ilitenganisha sufuria na nguo. Kuta za kati hazikufika kwenye paa, kwa hiyo tulimsikia jirani wa kushoto akisali na wa kulia akibishana na redio yake, nao bila shaka walitusikia tukicheka usiku kucha.

Siku moja alirudi kutoka chuoni na kasha la viatu lililotobolewa matundu. Akaliweka kitandani, akaketi kando yake kama mtu aliyeleta keki.

"Usipige nduru," akaniambia.

"Niko na sababu ya kupiga nduru?"

"Fungua tu."

Nilifungua, na nikapiga nduru. Ndani mlikuwa na panya wawili weupe pe, macho mekundu, mikia mirefu kama kamba za viatu. Nilipanda juu ya kitanda na viatu vyangu. Jirani wa kulia akapunguza sauti ya redio asikie vizuri.

"Hawa si wale wa choo," akasema, akicheka. "Ni wa maabara. Wamezaliwa kwa mikono ya watu, hawajui hata kuiba. Muhula umeisha, hakuna mwenye anawahitaji tena. Wangeuawa wote."

"Na sisi tunawahitaji?"

Akamshika mmoja kiunoni bila woga, akamweka begani mwake. Panya akanusa sikio lake, akatulia. "Huyu nimekuletea wewe," akasema. "Nimekupa. Ni wako kabisa."

Nilikataa kwa siku chache, kisha nikamnunulia karanga. Nilimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa na tumbo na kazi yake ilikuwa kula. Wa kwake aliitwa Sindano, kwa pua yake nyembamba. Nyumba yao ilikuwa sanduku langu la bati la bweni, lile lililokuwa na jina langu kwa rangi nyeupe ubavuni. Fundi wa kando ya barabara aling'oa kifuniko akaweka waya, maana mbao wangeitafuna wakatoka. Chini tulitandika maranda ya fundi seremala. Mimi nilileta vipande vya dengrizi, kitambaa kile kigumu cha jinzi, kutoka kiwandani, nao wakavitafuna hadi vikawa pamba, wakajijengea kitanda kizuri kuliko chetu. Walikula ukoko wa ugali, vikonyo vya sukuma wiki, maganda ya mayai, na kila jioni kifuniko kimoja cha maziwa. Nilikuja kugundua kwamba panya akifurahi husaga meno polepole, na kwamba hujua hatua za mtu wake: nilipokuwa ningali bombani, Mheshimiwa alikuwa ameshasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani kama mtu anayengoja kusalimiwa. Nikishona nguo za watu za kujiongezea kipato, alipanda kwa mkono wangu akalala ndani ya kola. Mimi niliyepiga nduru, nikawa naona shingo baridi asipokuwepo.

Jambo moja sikulitilia maanani. Papanya hakuwa akibadilisha maranda. Aliniachia mimi, na siku niliyochelewa kazini aliyabadilisha nje, karibu na kamba za nguo, akiwa amejifunga kitambaa puani hadi machoni. Nilidhani ni madaha ya watu wa maabara. Nilimtania kwamba ukifika chuo hata mavi ya panya yanahitaji sare. Alicheka, akajipangusa macho. Macho yake yalikuwa yakitokwa na machozi daima mwaka ule, na sote tulikuwa na jibu tayari: Kitengela.

Mbele ya ploti lilikuwepo duka la Mama Hodan, mwanamke wa Garissa aliyeuza unga, maziwa na sukari ya kupima, na sumu ya panya pia, ambayo aliiweka rafu ya juu kabisa karibu na sabuni. Aliposikia tunachofuga alikuja mwenyewe mlangoni, akainua buibui asiguse kizingiti.

"Wallahi nimeona mengi," akasema. "Mimi nauza sumu, nyinyi mnanunua maziwa mpatie panya. Mnanichanganya."

"Mama Hodan, usituwekee sumu karibu, tafadhali," Papanya akamwomba. "Hawa ni watoto."

"Watoto!" Akawatazama kwa muda mrefu. Sindano alikuwa akinawa uso kwa mikono yote miwili. "Huyu ananawa kuliko yule mpangaji wa chumba cha mwisho," akasema hatimaye. Tangu siku hiyo hakutega sumu upande wetu bila kutuita kwanza, na paka wake alifungwa kamba kama mbuzi saa tulizowatoa panya nje waone jua.

Aliyetupa jina ni babake Papanya. Alipita Kitengela na vijana na ng'ombe waliobaki, akielekea mjini kutafuta nyasi, akaingia chumbani kwetu kunywa chai. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini kama ilivyo desturi yao. Alikaa kitandani, mkongojo kati ya magoti, vumbi jeupe hadi kwenye kope, na nje ng'ombe wake walikuwa wakilamba ukuta wa tangi la maji. Tulimwandalia chai yenye maziwa mengi. Kisha akasikia mkwaruzo kwenye bati.

"Ni nini inalia hapo?"

Papanya hakuwahi kumdanganya babake. Akalivuta sanduku. Mzee akainama, akatazama. Niliona aibu kiasi cha kutamani ardhi inimeze, kwa sababu kifuniko cha maziwa kilikuwa pale pale ndani, kimejaa.

"Ng'ombe zangu zinaanguka njiani," akasema polepole, "na wewe unapatia panya maziwa."

"Baba, ni kidogo tu."

"Kidogo." Akazidi kuinama. Wale panya walikuja wamekatwa alama masikioni; huko chuoni ndivyo walivyowatambua. Mzee akaona. Mtu aliyetumia maisha yake yote kusoma masikio ya ng'ombe haachi kuona. "Hii imekatwa kushoto. Ni ya nani?"

"Ni yake," Papanya akasema, akinionyesha. "Nilimpa."

"Ulimpa? Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi mnaitana aje?"

Tukatazamana. Na hapo mzee akaanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha kwa sauti, hadi vijana wake wakachungulia mlangoni, kwa maana inaonekana hawakuwa wamemsikia akicheka tangu mvua ikatae. "Papanya!" akasema. "Lazima muitane Papanya. Ukipewa mnyama, umepewa ndugu." Alipokuwa akisimama kuondoka alinigeukia mimi, na safari hii hakuwa anacheka. "Na mnyama ya kupewa ikizaa, unakumbuka mwenye alikupatia. Usikule peke yako." Niliitikia kwa heshima. Laiti maneno mengine yote niliyoambiwa na wazee ningeyashika kama nilivyolishika hilo moja.

Haukupita muda, Mheshimiwa akazaa. Alikuwa ametoka chuoni na mimba. Papanya alicheka hadi akashindwa kuvuta pumzi, na Mama Hodan akatangaza dukani kwamba sasa hata waheshimiwa wanazaa. Watoto walikuwa wekundu, wadogo kama maharagwe. Wengine walikufa, wengine nadhani mama yao aliwala, na mwishowe akabaki mmoja, wa kike. Nilimlea yule kwa macho yangu yote. Sikumpa jina. Nilikuwa nimeshajua atakwenda kwa nani.

Kikohozi cha Papanya kilianza kama kitu cha kupita. Kwanza kupiga chafya asubuhi, kisha mlio kifuani alipolala, kama kuna mtu mbali anayepuliza chupa. Baadaye akawa halali, anakaa kitandani ameegemea ukuta, mabega juu. Hapo kila mtu akawa daktari. Jirani wa kushoto alimwombea. Mama Hodan alileta mafuta ya habasoda, akamsugua kifua yeye mwenyewe, akanitazama kana kwamba mimi ndiye mama mwenye nyumba. "Funga hiyo dirisha," akaniambia. "Hii vumbi ya huku iko na saruji ya viwanda ndani. Itaua huyu msichana." Nilifunga. Nilichukua gunia nikalipigilia misumari, nikabandika magazeti kwenye nyufa, nikaziba hata ule mwanya wa chini ya mlango kwa matambara ya dengrizi. Chumba kikawa giza, kikanuka maranda na mafuta taa. Nilijivunia kazi ile. Niliporudi kutoka kazini jioni nilipitisha kidole juu ya meza, nikamwonyesha: hakuna vumbi.

"Ni vumbi tu, Papanya," nilimwambia. "Litaisha."

"Ni vumbi," akaitikia, na Sindano amelala kifuani pake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikuwa tukikitandikia na kukibembeleza. Najuta lile gunia kuliko ninavyojutia mambo mengi niliyoyafanya kwa ubaya. Hata ushahidi tulikuwa nao. Kila alipokwenda kwao Kajiado likizo alipona, akarudi amenawiri, na baada ya siku chache mlio ukarudi kifuani. Tulilitazama jambo hilo wote, mimi, Mama Hodan na majirani, na kwa pamoja tukahukumu: kwao hakuna vumbi la saruji. Hakuna aliyetazama ndani ya sanduku. Nilimwona mtu niliyempenda akitafuta pumzi, na mimi nikamzibia dirisha.

Karibu na mwisho wa mwaka aliitwa nyumbani apumzike, akapone kabisa, arudi kumaliza kozi iliyokuwa imebaki kidogo tu. Hilo ndilo tulilolingoja. Aliacha viatu vyake chini ya kitanda na koti lake jeupe la maabara mlangoni. Mimi nilikaa na panya watatu na upweke, na katika upweke huo nikapata wazo nililoliona zuri sana. Yule mtoto wa Mheshimiwa alikuwa amekua, mweupe, mpole, wa kupendeza. Mzee alikuwa ameniambia nikumbuke aliyenipa. Siku ya mapumziko nikamweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga wenye matundu, nikamtandikia dengrizi mpya, nikavaa gauni la kanisani, nikashika njia ya Kajiado.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji, vyumba vitatu vya mabati na jiko la udongo kando. Mama yake, ambaye mimi humwita Yeyo kama wanawe wamwitavyo, alinipokea kwa "Takwenya," nikajibu "Iko" kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi. Papanya alitoka ndani akitembea wima. Uso wake ulikuwa umejaa. Alikuwa anapumua kama mtu yeyote, na nilifurahi hivi kwamba nikasema ule usemi wa mgeni njoo mwenyeji apone, tukacheka wote.

Chai ilipoletwa nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa. "Mnyama uliyenipa alizaa," nikasema. "Sikukula peke yangu." Nikafungua mkebe.

Najaribu sasa kuuona uso wake upya, bila furaha yangu mwenyewe kusimama mbele. Alimtazama yule panya. Akamtazama mama yake, na mama yake akamtazama yeye. Yeyo alikuwa ameshika birika, na aliendelea kulishika bila kumimina. Kisha Papanya akanyoosha mikono yote miwili, akampokea, akashukuru kwa lugha yao, "Ashe, Papanya," akamweka shingoni, mahali nilipomfunza mwenyewe kulala. Alikaa naye hapo muda wote wa chai. Nilisimulia habari za kiwanda, za paka wa Mama Hodan, za Sindano anavyomtafuta. Macho yake yakaanza kutokwa na machozi. Nikaona machozi yale nikafurahi zaidi, nikamshika goti.

Niliondoka mapema ili niwahi zamu. Siku chache baadaye mfanyabiashara wa ngozi aliyetoka Kajiado alileta habari kwa Mama Hodan: msichana yuko hospitali, kifua kimefunga. Kisha habari nyingine: ametoka. Kisha, mwezi uliofuata, ya mwisho: harudi, nitafute mtu wa kushiriki naye chumba. Hakukuwa na maelezo. Nilifunga viatu vyake na koti jeupe kwenye mfuko, nikampa mfanyabiashara. Nilikasirika. Nilikasirikia vumbi kwanza, na baadaye, kwa sababu vumbi halijibu, nikamkasirikia yeye kidogo kidogo: kwamba aliiacha kozi karibu na mlango, kwamba aliniacha mimi bila neno. Mheshimiwa na Sindano walizeeka haraka, kama panya wazeekavyo, wakafa mmoja baada ya mwingine, nikawazika nyuma ya bomba. Mama Hodan alisimama kando yangu akasema maskini, wasafi wale.

Hatukugombana. Ingekuwa afadhali tungegombana. Yeye alifundisha chekechea Kajiado, mimi nikafungua duka la ushonaji hapa, tukaonana katika arusi na matanga. Simu za mkononi zilipokuja akawa ananipigia, na kila mara alianza vivyo hivyo: "Papanya! Vumbi haijakumaliza?" Kisha alicheka ule mcheko wake wenye upepo ndani. Mimi nilijibu kwamba bado tunapambana. Mara nyingine niliona jina lake kwenye simu nikaiacha ilie, kwa uchovu, kwa kuwa na wateja, na kwa ile hasira ndogo iliyokuwa imeshasahau ilikotoka. Najuta kila simu niliyoiacha ikalia.

Mwaka huu kifua kilimshinda. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakiondoka, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko la Yeyo nikasikia nyuma yangu, "Papanya." Niligeuka kwa haraka ya kipumbavu. Alikuwa Yeyo, mzee sasa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Yeyo."

"Ile mnyama uliletea yeye kwa mkebe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mimi ndiyo nililisha." Akaketi. "Hiyo wiki ulikuja, daktari wa hapa alikuwa amemuuliza, wewe huko Kitengela unalala na mnyama gani? Akasema panya. Hata chuoni ni panya. Daktari akasema, basi ni hiyo. Si vumbi. Kaa mbali na hiyo kitu, utapumua. Akarudi hapa akaniambia, Yeyo, kazi yenye nilisomea imeisha. Alilia siku mbili. Halafu wewe ukaingia na gauni yako."

Sikuweza kumtazama. Kuku walikuwa wakidonoa chini ya meza ya wapishi, na mimi nilikuwa naona birika lile lisilomiminwa.

"Mbona hakuniambia?"

"Utaambia mtu zawadi yake inakufunga kifua? Na umesimama hapo unacheka hivyo?" Akatikisa kichwa. "Jioni nikatoa hiyo mnyama nikapeleka kwa nyumba ya mbuzi wadogo. Lakini kifua ilikuwa imeshika. Alipotoka hospitali nikasema, nitamwambia rafiki yako. Akakataa. Akasema, Yeyo, usimwambie, atajilaumu. Wacha achukie vumbi. Vumbi haina roho."

"Na panya?"

"Niliipatia maziwa na kifuniko. Jirani wakasema nimerogwa." Hapo akatabasamu kidogo. "Ilikuwa inajua miguu yangu. Ilipokufa nililia, halafu nikaona haya."

Nikamuuliza kama ni mimi niliyemuua. Yeyo alinitazama kwa ukali, kama anavyotazama mtoto anayetaka sehemu kubwa ya nyama.

"Alikula miaka mingi baada ya hiyo panya. Amezaa, amefundisha watoto ya watu. Usijipatie ukubwa."

Akanyanyuka, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na birika la chai mkononi na, kwapani, kitoto cha mbuzi, cheusi, chenye doa jeupe kwenye paji, bado kinatetemeka miguu. Akasimama mbele yangu.

"Hiyo jina ingine iende na yeye," akasema. "Ilikuwa yenu. Sasa chukua hii. Mimi na wewe ni Pakine."

Nilifikiria ghorofa ya tatu. Nilifikiria ngazi, mwenye nyumba, wanangu, gauni langu jeusi la mazishi ambalo yule mbuzi alikuwa tayari ananyoosha kwato kulichafua. Nilikuwa na sababu zote za dunia, na zote zilikuwa za kweli. Yeyo alikuwa ananitazama usoni, ameshika birika kwa mkono mwingine, hajamimina. Nikanyoosha mikono yote miwili.

"Ashe, Pakine," nikasema.

Mbuzi akaingiza pua yake yenye maji shingoni mwangu. Yeyo akamimina chai, akaketi, akaanza kunisimulia habari za malisho, nami nikampakata yule mbuzi hivyo hivyo mpaka chai ikaisha.